Beit al-Ajaib: Nyumba Iliyobadilishwa Mara Nyingi



Mara nyingi tumeulizana darasani lugha hii ya Kiswahili ilifikaje Rumonge, mbali hivi na bahari. Jibu twalijua: ilikuja na misafara. Njia ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, na toka Ujiji mitumbwi ikapanda kaskazini kwa ziwa mpaka kwetu. Jina la Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, mfanyi biashara wa Ujiji, sote tumelisoma katika historia. Lakini njia ile ilikuwa na pande mbili. Nguo, shanga na maneno yalikuja huku. Pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo walikwenda kule. Mali iliyopatikana iligeuka nini? Sehemu yake iligeuka mawe na chokaa huko Unguja. Basi leo nataka tuitazame nyumba moja ya Unguja, iitwayo Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Mimi sijafika huko. Haya nimeyapata katika vitabu, picha, na kwa mwalimu wetu.

Aliyeijenga ni Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Ilikwisha mwaka 1883. Husemwa kwamba mahali pale palikuwa na jumba la zamani zaidi, la Malkia Fatuma wa karne ya 17. Haikuwa nyumba ya kulala, bali ya sherehe na ya kupokea wageni. Kando yake yalikuwapo majumba mawili, Beit al-Sahel na Beit al-Hukm, na kati yao palijengwa njia za juu zilizofunikwa, ili wanawake wa kifalme wapite pasipo kuonekana. Husemwa pia kwamba milango ilifanywa mipana ili Sultani aingie akiwa juu ya ndovu. Ni hadithi tamu, lakini mimi siisadiki.

Sasa, tazameni namna ilivyojengwa, kwa maana hapa ndipo penye somo. Tangu kale watu wa pwani hujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na juu hulaza boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu sana, lakini ni fupi. Haivuki nafasi iliyo zaidi ya mita 3 hivi. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Ukitaka chumba kirefu utakipata. Ukitaka kipana, mti wenyewe hukukatalia. Barghash hakukubali kukataliwa. Akatia boriti za chuma na zege, akapata kumbi pana zenye dari ya juu sana. Nje akazungusha roshani kila ghorofa, zikichukuliwa na nguzo nyembamba za chuma cha kusubu. Basi tangu siku ya kwanza nyumba hii ilikuwa na nyama ya kienyeji na mifupa ya kigeni. Uzuri wake ulitoka humo, na hatari pia. Maana karibu na bahari chuma hushika kutu, na kutu huvimba, na ikivimba hupasua kila kilichoizunguka.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akakikalia kiti pasipo idhini ya Waingereza. Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, manowari zikapiga mizinga. Haikutimia saa moja, vita vikawa vimekwisha. Beit al-Hukm ilivunjika, na mahali pake pakawa bustani. Mnara wa taa uliosimama mbele uliharibika, ukaondolewa. Beit al-Ajaib yenyewe iliumia kidogo tu. Katika matengenezo ya 1897 ukajengwa mnara mpya wa saa, safari hii usoni pa nyumba yenyewe. Kwa hiyo uso ule tuuonao katika picha zote za karne ya 20 sio uso alioujua Barghash!

Toka 1911 Waingereza waliifanya ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ikatumiwa na chama cha Afro-Shirazi, na mwishowe ikawa makumbusho. Humo uani kiliwekwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Lakini mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na watu wakakatazwa kuingia. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kuitengeneza kwa fedha za Oman, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa.

Habari hii ilizusha ubishi bwenini kwetu. Mwenzangu mmoja asema: ikiinuliwa tena, yafaa iwe kama alivyoiacha Barghash, bila mnara, kwa kuwa mnara ni alama ya mizinga. Mimi nasema mnara urudi. Tukifuta 1897, kwa nini tusifute 1883 pia, tukamtafute Malkia Fatuma chini ya msingi? Nyumba ya zamani haina siku moja ya kuzaliwa.

Jambo moja tulipatana: lipu iwe ya chokaa. Babu yangu ana nyumba ya matofali mabichi hapa Rumonge. Kaka yangu, kwa nia njema, aliipaka saruji nje. Mwaka 2021 ziwa lilipopanda, kuta zilinyonya maji toka chini, na saruji ikayafungia ndani. Kwa nje nyumba ilionekana nzima. Tulipobandua lipu, ilitoka kama magamba ya samaki, na tofali nyuma yake lilikuwa tope. Chokaa ingaliacha ukuta upumue.

Kuhusu mnara, mwenzangu bado hajakubali. Asema ataandika jibu lake katika toleo lijalo, nami nimemwambia asisahau kueleza bustani ya Beit al-Hukm ataifanyaje.