Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Kamera iliyotulia



Vijana wetu wanapenda kupiga picha maporomoko ya maji, na sioni ubaya. Ukifika Sanje, kule Udzungwa, maji yanashuka kama mita 170 katikati ya msitu. Nani asitoe simu? Ila waulize wapiga picha wenyewe. Ukitaka maji yatoke laini kama maziwa, kamera unaiacha wazi sekunde nzima hivi, na lazima itulie kwenye stendi ya miguu mitatu. Ikitikisika kidogo tu, hata mwamba ambao haujaenda popote unatoka na ukungu. Kosa si la mwamba.

Sasa, Suratul Ghashiya aya ya 17 hadi 20 inatuuliza kuhusu ngamia, mbingu, milima na ardhi: hatutazami? (Haikuuliza tumepata like ngapi, hilo ni letu.) Wengi tunakimbiza khitma, juzuu baada ya juzuu, moyo unatikisika, halafu tunalalamika Qur'ani haituingii.

Leo baada ya Alasiri chukua aya hizo nne tu. Soma polepole, kisha toka nje robo saa, simu iache ndani, utazame juu. Mama zetu mlioko jikoni, dakika tano mlangoni zinatosha.