Unauombea Mji Huu Moto Gani?

SOMO LA WIKI
Maandiko: Luka 9:51-56, Matendo 8:4-17, 1 Petro 3:15

Chukua Biblia yako kwanza uyasome maandiko hayo matatu, ndipo urudi kwenye karatasi hii.

Umesoma? Haya. Katika Luka 9 Yesu yuko safarini kwenda Yerusalemu, na kijiji kimoja cha Wasamaria kinakataa kumpokea. Hatusomi kwamba walimpiga au walimrushia mawe. Walimnyima mapokezi, basi. Yakobo na Yohana wakapandwa na hasira, wakamuuliza Bwana kama anataka waite moto kutoka mbinguni uwateketeze wale watu. Angalia vizuri, hawa si wapagani. Ni wanafunzi, tena wa karibu kabisa. Na mfano wanao, maana Eliya aliwahi kushusha moto. Mtu mwenye hasira hakosi andiko la kujitetea! Lakini Yesu aligeuka akawakemea wao, si wale wanakijiji. Kisha akaondoka nao kwenda kijiji kingine.

Sasa twende Matendo 8. Filipo amehubiri Samaria, watu wameamini na wamebatizwa. Mitume walioko Yerusalemu wanatuma watu wawili wakawaombee wampokee Roho Mtakatifu. Wawili hao ni nani? Petro na Yohana. Yohana yule yule! Biblia haituambii kama alipita kwenye kijiji kile kile, lakini watu ni wale wale, Wasamaria. Na mikono aliyowawekea ni ya mtu aliyetaka wachomwe. Niambie, ndugu yangu, kama Bwana angemkubalia ombi lake la kwanza, siku ile angemwekea nani mikono?

Sisi Wapentekoste tunapenda sana neno moto. Kila ibada ni moto, kila kesha ni moto. Ni vizuri. Ila tunapaswa kujua tunaomba upi.

Kisiwa hiki chetu kimeonja yote mawili. Ukishuka kutoka Marikiti kupitia Mji wa Kale utafika kwenye Ngome. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 wakaipa jina la Bwana wetu: Ngome ya Yesu, yenye mizinga. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa aliuawa huko bara baada ya kukosana na kapteni wa Kireno. Mwanawe, Yusuf, alipelekwa Goa kule India akiwa bado mtoto, akalelewa na watawa wa Kiagostino, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alipokuwa mtu mzima wakamrudisha atawale Mombasa. Kwenye cheti alikuwa Mkristo kamili. Lakini jina hilo alipewa na watu wa taifa lililomwondolea babake, na hata baada ya kuvikwa taji, wakubwa wa Ngome hawakumheshimu. Ikaripotiwa kwa kapteni kwamba ameonekana akiomba kwa njia ya Kiislamu kwenye kaburi la babake, na ukaanza mpango wa kumrudisha Goa akahukumiwe. Agosti 1631 Yusuf aliingia Ngomeni na watu wake akamuua kapteni. Siku zilizofuata Wakristo wengi wa mji huu waliuawa, Wareno kwa Waafrika, wengine kwa sababu walikataa kuikana imani.

Sisemi hivi kutetea mauaji. Wale waliokufa bila kuikana imani nawaheshimu. Swali langu ni hili: yule mtoto alionyeshwa Yesu yupi? Maji ya ubatizo aliyapata, elimu ya dini akaipata. Upole aliupata kwa nani?

Siku ukienda pale, tazama maandishi ya Kireno juu ya lango. Yaliwekwa na kapteni aliyeijenga Ngome upya baada ya vita ile. Anajisifu jinsi alivyoitiisha pwani na kuwaadhibu watu wa Pate na Siyu. Hayo ndiyo aliyotaka yakumbukwe.

Miaka mia mbili na zaidi ikapita. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika hapa na mkewe Rosine, hana mizinga, ana barua ya Sayyid Said wa Zanzibar. Tarehe 8 Juni mwaka huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na unajua aliyekaa naye kumsaidia ni nani? Ali bin Muhidini, mtu wa asili ya Barawa, mmoja wa makadhi wa Mombasa. Kadhi, mpendwa! Julai Rosine alijifungua, na muda si muda yeye na mtoto wakafariki. Kaburi lake liko ng'ambo, upande wa Nyali. Krapf mwenyewe hakuwa malaika, maana katika vitabu vyake kuna maneno makali juu ya Uislamu. Lakini watu wawili waliotofautiana juu ya jambo kubwa kuliko yote walikaa pamoja wakatafuta neno la Kiswahili la kuelezea jinsi Mungu alivyoumba mbingu na nchi. Wangekuwa wanapigiana kelele wangelipata?

Nisiende mbali, nijiseme mwenyewe.

Zamani, kabla hatujahamia hapa tulipo, tulikodi chumba cha ghorofani ukingoni mwa Mji wa Kale. Miaka minne tuliomba kila Ijumaa Mungu atuletee majirani. Tulifunga kwa ajili ya jambo hilo. Usiku mmoja wa kesha, spika imeelekezwa dirishani kama kawaida yetu, alipanda ngazi mzee mmoja wa jirani, amevaa kikoi na kofia. Akasimama mlangoni. Nikamfuata, maikrofoni mkononi. Akaniambia, "Pasta, mwanangu, samahani. Mke wangu ni mgonjwa. Naomba mpunguze kidogo apate kulala."

Ndugu zangu, nilimjibu kwa maikrofoni. Nikawaambia washirika kwamba adui ameguswa, wapige makofi zaidi. Wakapiga. Mzee akainamisha kichwa, akashuka zile ngazi taratibu akishikilia ukuta.

Baada ya wiki tatu hivi, kijana mmoja muuza kahawa akaniambia yule mama amefariki. Ilinichukua siku mbili kupata nguvu ya kwenda. Nilimkuta mzee barazani na wazee wenzake. Nikasema, "Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja kukupa pole, na kukuomba radhi." Akaitikia marahaba, akasogea ili nipate nafasi ya kukaa. Baadaye akaniambia, "Mke wangu alikuwa akipenda mkiimba jioni, wale kina mama. Alikuwa akiniambia, fungua dirisha. Usiku ule tu ndio alikuwa ameshindwa."

Alinisamehe. Mimi ndimi sikulala. Kwa miaka minne ya maombi, yule ndiye jirani wa kwanza kupanda ngazi yetu kwa miguu yake mwenyewe, na mimi nikamkemea kama pepo.

Tulikuwa marafiki tangu siku hiyo mpaka alipohamia kwa mwanawe. Hakuokoka, nisiwadanganye. Lakini aliniuliza maswali mengi juu ya Yesu pale barazani, na nilimjibu nikiwa nimekaa, kwa sauti ya kawaida. Ndivyo 1 Petro 3:15 inavyotutaka: uwe tayari kumjibu anayekuuliza habari za tumaini lako, na ujibu kwa upole na kwa hofu. Na mtu huuliza pale anapojua hatafokewa.

Mtu atasema, Pasta, wewe hukumbuki Agosti 2012 makanisa yalipovamiwa? Hukumbuki Jeshi la Wokovu pale Majengo lilivyochomwa Oktoba 2013? Nakumbuka sana. Nakumbuka pia sala zilizoombwa na baadhi yetu wiki zile, na zilikuwa za Luka 9 kabisa. Upole si kunyamazia uovu. Kanisa likichomwa, ripoti polisi, toa ushahidi, nenda mahakamani. Paulo kule Filipi alidai haki yake wazi wazi (Matendo 16:37). Lakini ukimaliza kutoa ushahidi, ukipiga magoti unamwombea nini kijana aliyeshika kiberiti? Huyo naye ni Msamaria wa mtu.

Neno moja kwa wewe unayesoma na bado hujaokoka. Labda umekaa mbali kwa sababu aliyekuhubiria alikufokea, au mzazi wako aliyeokoka alikuwa mkali kuliko wasiookoka. Nakuomba radhi kwa niaba yetu. Soma Mathayo 11:28-30 uone Yesu anavyojieleza mwenyewe. Huko unakoitwa hakuna ngome. Unaweza kumwambia hapo ulipo, hata kwenye matatu: Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi, nakuamini ulikufa kwa ajili yangu ukafufuka, nisamehe, niingie niwe wako. Kisha Jumapili njoo unitafute baada ya ibada, nitakuwa pale mlangoni.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI, JUMATANO
1. Nani "Msamaria" wako kwa sasa: jirani, mwenye nyumba, mke mwenza wa mamako, ndugu mliyegombania shamba? Mtaje kwa Mungu kimya kimya, si kwa kikundi.
2. Kuna mtu uliyemjibu vibaya alipokuja kukuomba jambo dogo? Yuko wapi sasa?
3. Viongozi wa vikundi: kabla ya kuanza, mmoja atoke nje asimame mlangoni kwa jirani, asikilize sauti yetu inafikaje.