Maji Meupe na Kikomo cha Sumu



Hivi karibuni, tulipokuwa tukizungumza habari za kuchimba kisima, ndugu mmoja aliuliza: "Maji yakitoka meupe na matamu, kwa nini tena tulipie kuyapima?" Swali ni la haki, na somo letu la leo ni jibu lake.

Wana wa Israeli walipofika Mara hawakuhitaji maabara. Ulimi wenyewe uliwaambia kwamba maji ya pale hayanyweki. Lakini iko sumu ambayo ulimi hauijui, nayo ni aseniki. Ikiwa ndani ya maji haina rangi, harufu wala ladha. Mtu akiinywa kidogo kidogo kwa miaka mingi, ngozi ya viganja na nyayo yaweza kuwa ngumu na kuota vinundu, na baadaye yaweza kumletea kansa ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu.

1. Hutoka wapi?

Mara nyingi hutoka ardhini. Imo katika mawe ya namna fulani, hasa yale yanayofuatana na dhahabu. Katika mikoa ya Geita na Mara wapimaji wamekuta baadhi ya maji yenye aseniki kupita kikomo. Huko Bangladesh, tangu miaka ya 1970, wanavijiji walichimbiwa visima vingi vya bomba ili waepukane na vijidudu vya madimbwi. Katika miaka ya 1990 ikajulikana kwamba vingi vya visima hivyo vina aseniki. Waliochimba walikusudia mema, ila hawakuipima sumu hiyo kwanza.

2. Kikomo ni kiasi gani?

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 katika lita 1 ya maji. Tupige hesabu. Gramu 1 tu ya aseniki, uzito usiofika robo ya kijiko cha chai cha chumvi, yatosha kufikisha ndoo 5,000 za lita 20 kwenye kikomo hicho. Ndiyo maana jicho halisaidii hapa.

3. Kikomo huwekwaje?

Ziko sumu ambazo zikiwa chache mwili huzimudu. Lakini kwa kitu kiletacho kansa, kwa kawaida wataalamu huhesabu kwamba hakuna kiasi kisicho na hatari kabisa. Hatari hupungua tu kadiri sumu inavyopungua. Basi huuliza: ni hatari ndogo kiasi gani inayoweza kuvumiliwa? Shirika hilo hutumia kipimo cha mtu 1 zaidi atakayepata kansa kati ya watu 100,000 wanaokunywa maji hayo maisha yao yote. Tena humfikiria mtu mzima wa kilo 60, anayekunywa lita 2 kwa siku.

Kwa aseniki, hesabu hiyo ingetaka kikomo kidogo zaidi ya 0.01. Hakikushushwa zaidi kwa sababu ni vigumu kupima na kuondoa kiasi kidogo namna hiyo. Mwaka 1958 kikomo kilikuwa 0.2, mwaka 1963 kikawa 0.05, na mwaka 1993 kikawa 0.01. Aseniki ni ile ile. Kilichoongezeka ni maarifa ya wanadamu.

4. Tufanye nini?

Kwanza, tusidhani kikomo ni ukuta, huku salama na huku mauti. Mkulima anayeshinda na jembe juani hunywa zaidi ya lita 2, na maji mengine huingia katika ndizi na maharage. Kwa hiyo tusiridhike kuambiwa "yamefaulu." Tuulize tarakimu, maana 0.009 na 0.001 zote zimefaulu, lakini si sawa.

Pili, kuchemsha hakuondoi aseniki. Maji yakipungua jikoni, sumu hubaki. Hata hivyo tusiache kuchemsha, kwa kuwa kipindupindu na homa ya matumbo huua upesi zaidi.

Tatu, kisima kikionekana kibaya, maji yake yafulie nguo. Ya kunywa na kupikia yatoke kwenye chemchemi iliyopimwa, au mvua ya bati safi.

Hatusemi kwamba maji ya Songambele yana aseniki. Wala hatusemi kwamba hayana. Neno hilo ni la maabara. Kwa hiyo, tunapochanga fedha za kuchimba, tuchange pia za kupima, kabla mtoto wa kwanza hajateka ndoo.

Maswali ya kujadiliana:

(a) Kwa nini maji meupe si lazima yawe salama?
(b) Kwa nini kikomo kilibadilishwa mara mbili?
(c) Nyumbani kwako maji ya kunywa hutoka wapi, na yalipimwa lini?