Amealikwa Kwenye Podikasti, Azungumze Vipi?

Barua ya wiki hii imeandikwa na afisa kilimo wa Dodoma. Alialikwa kwenye semina ya mtandaoni kuzungumzia sumukuvu kwenye mahindi, akaandaa slaidi nyingi na kuzisoma moja baada ya nyingine hadi mwendeshaji akamkatisha kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza swali. Sasa vijana wenye podikasti ya wakulima wamemwita kwa mazungumzo ya dakika 40, naye anauliza afanye nini ili wasikilizaji wasimkimbie.

Swali lake ni zito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2016 sumukuvu iliikumba mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki. Mtu anayejua jinsi ya kuzuia balaa la namna hiyo akizungumza asieleweke, anayeumia ni mkulima.

Aanze kwa kusikiliza vipindi viwili vitatu vya vijana hao, ajue wanapenda kuuliza nini na huwa wanamwacha mgeni aseme kwa muda gani. Awaulize kama mazungumzo yatarekodiwa au yatakwenda moja kwa moja, na kama kutakuwa na video. Na kwa kuwa ni mtumishi wa umma, ruhusa ya mwajiri aiombe mapema, si asubuhi ya siku yenyewe.

Slaidi aziache nyumbani. Msikilizaji wa podikasti yuko shambani, jikoni au kwenye daladala, hana pa kutazama. Viwango vya Afrika Mashariki, kwa mfano, vinataka sumukuvu kwenye mahindi isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Nani ataishika takwimu hiyo huku anapalilia? Ipigiwe hesabu: ni sawa na gramu moja ndani ya magunia elfu moja ya kilo mia mia. Hapo mkulima analiona ghala, anayaona magunia, na anaelewa kwa nini kuyatazama mahindi kwa macho hakutoshi.

Bora zaidi, aende na chupa tupu iliyokauka vizuri, chumvi kavu na mahindi kidogo. Atie vyote kwenye chupa, aitikise karibu na maiki, kisha aiache itulie huku mazungumzo yakiendelea. Baada ya kama robo saa aitazame na kusema anachokiona. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi, hayajawa tayari kuingia ghalani. Aseme wazi kwamba kipimo hiki ni cha unyevu, hakipimi sumu yenyewe. Msikilizaji aliyeusikia mlio wa punje ndani ya chupa anaweza kukijaribu nyumbani jioni ileile, na hapo mwaliko wa afisa huyu utakuwa umezaa kitu.

Kuhusu kujibu, sentensi ya kwanza iwe ndilo jibu. Mfano ufuate, kisha anyamaze, amwachie mwenyeji nafasi ya kuuliza tena. Shukrani ndefu kwa waandaaji na "kama nilivyotangulia kusema" zibaki kwenye mikutano ya hadhara. Terry Gross, mtangazaji wa Marekani aliyeanza kuendesha kipindi cha Fresh Air mwaka 1975, huwaambia wageni wake kwamba wakianza jibu na kuona linawapotea, wanaweza kulianza upya, kwa sababu kipindi kinarekodiwa. Afisa wetu naye aombe ruhusa kama hiyo. Akiulizwa asichokijua, aseme hakijui na aahidi kuleta jibu. Kubahatisha kuhusu chakula cha watu ni hatari.

Sauti nayo ina mambo yake, hasa akihojiwa kwa mtandao akiwa nyumbani. Hedifoni za waya mara nyingi huchukua sauti vizuri kuliko zile za Bluetooth, ambazo maiki yake ikianza kufanya kazi sauti huweza kufifia na kuwa kama ya simu ya zamani. Chumba chenye mapazia na godoro humeza mwangwi. Chumba kitupu chenye bati lisilo na dari, mvua ikinyesha, hakifai kabisa. Simu ya pili iwekwe mezani irekodi sauti yake peke yake, ili mtandao ukikatika wenyeji wawe na kipande cha kuziba pengo.

Na mlango ufungwe kwa ufunguo. Machi 2017, Profesa Robert Kelly akiwa nyumbani kwake Busan, Korea Kusini, alikuwa akihojiwa na BBC moja kwa moja pale watoto wake wawili walipoingia chumbani na mama yao akawakimbilia kuwatoa. Kelly aliomba radhi kwa maneno machache, akaendelea. Ajali ya namna hiyo ikimpata afisa, naye afanye vivyo hivyo.

Kipindi kikishatoka, akisikilize chote. Akikuta ametaja takwimu au kipimo kimakosa, awaandikie wenyeji siku hiyohiyo: podikasti inaweza kurekebishwa na kupakiwa upya, na wapo wakulima watakaoisikiliza kwa mara ya kwanza msimu ujao wa mavuno.