Mwenye Duka: Azma Yake na Watu Wake

Ndugu zetu wasomaji, wengi wetu katika miji hii ya pwani twala kwa biashara ndogo: duka la leso, meza ya viungo Marikiti, cherehani mbili barazani, tanuri ya mikate. Katika darsa yetu yalizuka maneno juu ya jambo tuliloliona mara nyingi, nalo ni kuwa kila mwaka mwenye duka hufunga nia kubwa, na mwaka ukiisha nia imevunjika, na lawama zote zaangukia watumishi. Twataka kulichungua jambo hili, kwani twaona kosa aghalabu limeanzia kwa tajiri mwenyewe.

Na tupige mfano. Mtu ana duka la leso mjini Mombasa, naye amenuia kufungua duka la pili mwaka ujao. Ukimwuliza lahitaji kiasi gani, akwambia shilingi 600,000. Ukimwuliza duka la sasa lamwachia nini, hana jibu, kwani fedha za wateja zaingia katika simu ile ile anayonunulia samaki wa nyumbani. Basi twamkalisha na daftari. Ikisha kutolewa kodi, mishahara, umeme na bei ya mali aliyouza, duka lamwachia shilingi 30,000 kwa mwezi, nyumba yala 24,000, zabaki 6,000. Kwa 6,000 za mwezi, 600,000 zataka miezi 100, nayo ni miaka 8 na miezi 4. Ule mwaka mmoja alioutaja haukutoka katika daftari. Umetoka katika kumtazama jirani.

Hatusemi asiwe na azma. Twasema azma yake na ipimwe kwa zile 6,000. Kama adaiwa na mwuzaji wa jumla shilingi 36,000, basi kulilipa deni hilo kwa miezi 6 ni azma ya kweli, na kila mwisho wa mwezi aweza kujua kama yumo njiani. Wala azma si ya fedha tu. Mtu afungaye duka saa nne za usiku, kila siku akawakuta wanawe wamelala, aweza kuazimia kuwa siku mbili katika juma atakuwa nyumbani tangu magharibi. Lakini jioni hizo mbili, ufunguo ataukabidhi nani?

Na mtumishi wetu wa pwani aghalabu ni nani? Ni mtoto wa dada. Ameletwa na mamake kutoka Lamu au Vanga, akaambiwa, "Kaa na mjomba wako, utakula, utalala, naye atakuangalia." Neno hili "kuangalia" limevunja udugu katika nyumba nyingi. Mjomba alifahamu kuwa ni chakula, kanzu ya Idi na kidogo cha mkononi. Kijana alifahamu kuwa siku atakapotaka kuoa, mjomba atamsimamisha na biashara yake. Miaka mitatu yapita, hakuna aliyeuliza. Kijana akitaja haki yake, mjomba ataja malezi, na dada mtu yuko kati, hajui ashike upande gani. Wote wawili wasema kweli kwa walivyofahamu, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, kwani hakuna mwivi wa kumshika.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni. Twaihifadhi, kisha tukimwajiri jamaa twaona haya kushika kalamu! Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo yataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na anayelazimika kuuandikisha ni tajiri, si mtumishi. Wakifikishana mahakamani, na tajiri asiwe na karatasi, mzigo wa kuthibitisha yaliyopatanwa ni wake. Sheria hiyo yampa mtumishi siku moja ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, pamoja na mshahara wake. Ni kweli kuwa imewaacha nje wategemezi wa tajiri pale ambapo wao peke yao ndio watumishi wa biashara ya jamaa. Wako watakaoufurahia mwanya huo. Nasi twawauliza: je, mgeni apate karatasi, na mtoto wa dada yako akose?

Karatasi yenyewe haitaki maneno ya mawakili. Iandikwe mshahara na siku ya kuulipa. Saa za kuingia na kutoka. Nani afungua, nani ahesabu sanduku la fedha jioni, nani apokea mali, na nani hana ruhusa ya kumkopesha mteja. Ramadhani itajwe mbali, kwani kumi la mwisho maduka ya Biashara Street hukesha, na saa hizo za usiku zapasa zijulikane malipo yake kabla ya mwezi kuandama, si baada ya Idi.

Na sanduku likipungua? Tajiri wengi hupiga kelele mbele ya wateja, kisha jioni wakapata noti imeanguka nyuma ya rafu. Mwite kando, mhesabu pamoja, umsikilize. Hata wa kumwachisha kwa kosa au kwa uzembe, sheria yataka kwanza aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, asikizwe maneno yake, na awe na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake.

Ama yule aliye na mpwa wa miaka mitatu asiyeandikiwa kitu, asingoje siku ya posa. Amwite kijana pamoja na mamake, wafungue daftari, wapatane ni kiasi gani adai. Ikiwa ni kutoa 3,000 kila mwezi katika zile 6,000, basi deni la mwuzaji wa jumla litachukua miezi 12 badala ya 6, naye mwuzaji aambiwe mapema. Ziandikwe nakala mbili, na moja akae nayo kijana.