Mkiomba Fedha za Mradi, Hesabuni Mwezi na Pepo

Vikundi vingi vya pwani vikipata nafasi ya kuomba fedha huandika neno moja: boti. Nawasihi mfikiri tena. Boti ya ziada haiongezi samaki baharini. Itaajiri nahodha na mabaharia wachache, nao watavua palepale wanapovua jirani zao. Ajira nyingi zaidi ziko nchi kavu, kwa wanaochemsha dagaa, wanaoanika, wanaokaanga, wanaopanga samaki kwenye barafu, wanaofungasha na kusafirisha. Dagaa wa Unguja huuzwa mpaka Kongo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na wanawake na vijana wasio na chombo.

Kabla ya kugusa fomu, kaeni dikoni na wachuuzi muwaulize mali inaharibikia wapi. Kama dagaa wanaanikwa mchangani, vichanja vya miti na nyavu havina gharama kubwa, na dagaa asiye na mchanga hupata bei nzuri zaidi. Kama samaki wanaoza njiani, anzeni na makasha ya barafu. Mtambo wa barafu uje baadaye, kwa sababu bili ya umeme huja kila mwezi, samaki wawepo wasiwepo.

Kwa Tanzania Bara, mlango wa karibu ni halmashauri. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya kubainika vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikaanza tena 2024. Kwa hiyo tegemeeni kukaguliwa. Muoneni mapema afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu usajili, katiba na akaunti ya benki. Wakati mnasubiri, wekeni hisa wenyewe na mkopeshane. Daftari la akiba lililoandikwa vizuri kwa miezi kadhaa linaaminisha kuliko andiko la kupendeza mlilomlipa mtu wa mjini awaandikie.

Vikundi vingi hukwama kwenye ratiba ya marejesho, na hapa ndipo pa kutulia. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea vyombo hupumzika, na muanikaji hana cha kuanika. Masika dagaa wanaweza kuwepo lakini jua likakosekana. Kusi likivuma kwa nguvu, ngalawa hazitoki nje. Ratiba inayodai kiasi kilekile kila mwezi haiyajui haya, na mwanachama hujikuta anakopa kwingine ili alipe mkopo.

Chukueni kalenda ya mwaka mzima. Wekeni alama siku za mbalamwezi, miezi ya mvua na miezi ya kusi. Pembeni andikeni mapato mnayoyatarajia, mkichukua kadirio la chini. Nendeni na kalenda hiyo kabla ya kusaini mkataba, mwombe muda wa kujipanga kabla ya rejesho la kwanza, na marejesho makubwa yaangukie miezi ya kaskazi. Mkikataliwa, punguzeni kiasi mnachoomba hadi rejesho la mwezi mbaya kuliko yote lilipike.

Mkopo si njia pekee. Huko Kwale, Kenya, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja na kuuza hewa ukaa. Mapato yamesaidia maji na shule. Ni kazi ya miaka na inahitaji wataalamu, hivyo isiwe mradi wa kwanza wa kikundi kichanga.

Jambo moja msiliachie mtu mwingine: saini za benki. Kama kikundi ni cha waanikaji, mweka hazina awe muanikaji, na kila fedha inayoingia itangazwe kwa wanachama wote siku hiyohiyo.