Taka za Kielektroniki: Mzigo Unaoishia Kitale na Bungoma

Maana yake

Taka za kielektroniki ni vifaa vya umeme au betri ambavyo mwenyewe hana haja navyo tena, kama vile simu, kompyuta, friji na taa za sola. Kwa mujibu wa takwimu za Umoja wa Mataifa, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 pekee zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Zinavyoingia nchini

Mkataba wa Basel wa 1989, ambao Kenya ni mwanachama wake, unadhibiti usafirishaji wa taka zenye sumu, na tangu Januari 1, 2025 unataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka kabla nchi inayozipokea haijaarifiwa na kuridhia. Hata hivyo, kifaa kibovu kikiandikwa katika hati kuwa ni mtumba unaofanya kazi, hukwepa sharti hilo, kikauzwa katika miji ya bara kama Kitale na Bungoma kwa bei nafuu, na kikiharibika gharama ya kukitupa humwangukia mnunuzi wa mwisho.

Madhara

Kioo cha televisheni ya kichogo kina risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo mwilini. Wakusanyaji wa vyuma chakavu wanapochoma nyaya ili wapate shaba, ganda lake la plastiki hutoa dioksini, sumu inayodumu udongoni na kuingia katika maziwa na mayai. Asidi ya betri zenye risasi ikimwagwa ovyo, mvua huweza kusomba risasi hadi vijito vya Mto Nzoia, unaopita Webuye ukielekea Ziwa Viktoria. Huko Owino Uhuru, Mombasa, risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliwadhuru wakazi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Wajibu wa kila mmoja

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mzalishaji au mwagizaji wajibu juu ya bidhaa yake hata inapogeuka taka. Mnunuzi naye anashauriwa:

- kutaka kifaa kiwashwe na kujaribiwa kabla ya kulipa, na kudai risiti;
- kutochoma nyaya wala kupasua betri nyumbani;
- kutochanganya vifaa vibovu na taka za jikoni, bali kuvikabidhi kwa mrejelezaji mwenye leseni ya NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira.